Barza ya Mama Feza: Mbao au Sementi

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya ujenzi, hapa Kalemie, nilisikia neno lililonishtua hata nikaangusha karai la mchanga. Shefu wa shantie, yaani msimamizi wetu wa ujenzi, alikuwa amesimama na mama mmoja aliyetaka tumjengee barza, ile sehemu ya mbele ya nyumba ambapo watu hukaa kupunga upepo wa ziwa. Nilidhani atamuuliza urefu na upana. Yeye akamuuliza bila kupepesa macho: "Mama, siku ya kilio chako, watu watakaa wapi?"

Nilingoja yule mama amtupie jiwe. Hakumtupia. Alifikiri kidogo, akanyoosha mkono mpaka kwenye ua wa jirani, akasema, "Mpaka pale, Papa. Sisi tuko wengi." Shefu akapiga kigingi palepale.

Mchana nilimuuliza kama hakuogopa kuitwa mchawi kwa kumtajia mtu msiba wake mwenyewe. Akanicheka mpaka akakohoa. "Weye mutoto, nyumba unajenga juu ya wale wanalala ndani. Barza unajenga juu ya wale watakuja. Na watu wanakujaka wote siku gani? Siku ya kilio. Barza ikibeba kilio, ndoa haitaishinda." Katika Kiswahili chetu, "juu ya" ni kusema "kwa ajili ya".

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na ninyi vijana mnaojenga kwa kutazama picha za telefone mngefaa kusikia. Kwa barza ya sementi tulichimba mpaka tukafika penye udongo mgumu, tukapanga mawe, tukamwaga betoni, yaani sementi iliyochanganywa na mchanga na kokoto, kisha juu yake tukaweka shape, lile tabaka laini la mwisho. Usawa tuliupima kwa nivo ya maji, mpira mrefu uliojaa maji, kwa sababu maji hayajui kupendelea mtu. Lakini barza haiwi sawa kabisa. Lazima iiname kidogo kuelekea nje, la sivyo mvua itaingia chumbani kabla ya mwenye nyumba. Halafu kuna kuinywesha betoni maji asubuhi na jioni, maana ikikauka kwa haraka hupasuka. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi mafundi tulikula kwa wale wasioziba.

Baadaye nilipelekwa mahali paitwapo Bendera kutengeneza nyumba za wafanyakazi wa mtambo wa umeme. Mkuu wa kazi pale alikuwa mtu wa kalamu tatu mfukoni. Alitaka barza ndogo ndogo, kila moja ya viti vinne, na nilipomtajia swali la Shefu wangu aliniangalia kama mtu aliyekanyaga nyoka. "Hapa tunajengea wazima," aliniambia. Nikajenga za viti vinne. Alipofariki mke wa mlinzi mmoja, watu walilala barabarani, na magari yakalazimika kuzunguka. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliolala barabarani, mgongo juu ya kokoto, nikimkumbuka Shefu.

Kutoka Bendera nilipanda Kirungu, kwenye baridi ya milima ya Marungu, na huko ndiko nilikojua mbao. Bruda, mtawa mjenzi wa misioni, alikuwa hapendi sementi. Alisema inamuumiza miguu asubuhi. Yeye ndiye aliyenionyesha terasi ya mbao, ambayo ni sakafu iliyoinuliwa juu ya nguzo. Unaanza na nguzo, ukizipaka mafuta ya mashine yaliyokwisha kutumika ili mchwa wazikatae. Juu ya nguzo unalaza solivi, zile mbao nene zinazobeba sakafu, na juu ya solivi unapigilia mbao za kukanyagia, ukiacha nafasi ya kupitisha maji. "Mbao inataka hewa chini yake," Bruda alikuwa akisema. "Ukiinyima, inaoza kimyakimya. Na usiipandishe watu wengi. Mbao ni ya watu wawili watatu wanaopendana."

Nilirudi Kalemie nikiwa fundi mkuu, na mashauri yote mawili kichwani: la Shefu na la Bruda. Kwa miaka mingi hayakugombana. Watu wa hapa walitaka sementi, basi. Mpaka nilipoitwa kwa Mama Feza.

Mama Feza ni mjane aliyelea watoto kwa kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Ziwa lilipopanda likameza nyumba yake kule chini, na mwanawe Serge, aliyekuwa akifanya kazi Lubumbashi, akamnunulia nyumba kwenye mteremko, mahali ambapo maji unayaona lakini hayakufikii. Serge alikuja mwenyewe kusimamia barza. Kijana mwenye heshima, mwenye kucheka kwa sauti. Alimpenda mama yake waziwazi, mpaka majirani wakamtania kwamba hajaachishwa ziwa.

"Papa Kalunga," aliniambia, "miye nataka terasi ya mbao. Mama ametumika sana. Akae tu, aangalie maji."

Mama Feza alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Mbao? Na mihogo yangu nitaanika wapi, idondoke chini kwa kuku? Na mbabula nitaiweka wapi na makaa yake? Serge, unataka kuniunguza?"

"Mama, hautapika tena. Tutatafuta muntu wa kupika."

"Muntu gani anajua sombe kunishinda?"

Walibishana hivyo huku wakicheka, na mimi nikaona kazi inachelewa. Nikauliza nilivyozoea kuuliza: "Mama, siku ya kilio chako watakuja watu wangapi?"

Serge aliacha kucheka. Uso wake ulibadilika mpaka nikarudi nyuma. "Papa! Unamutafutia mama yangu kifo? Mbele yangu?" Aliniambia nichukue vyombo vyangu niende.

Mama Feza ndiye aliyenizuia. "Muache. Ameuliza vizuri. Ni miye njo nitakufa hapa, si weye. Watakuja wa kanisa, watakuja wa soko, na wale wote wa kule chini. Papa, jenga ya sementi. Jenga kubwa."

Serge alifuta macho kwa kiganja, akakubali. Aliomba jambo moja tu, kwamba terasi ya mbao isisahauliwe, ije kisha, hata ndogo. Siku tuliyomwaga betoni alivua viatu akabeba ndoo pamoja nasi, na nilipomuaga jioni aliniomba radhi kwa ukali wake.

Asubuhi moja, kabla sijaweka shape, nilifika na ndoo yangu kuinywesha betoni. Nilikuwa nimekwisha kumwaga nusu niliposikia sauti ndani ya nyumba. Sijui kuieleza ile sauti. Jirani alinipita akikimbia, kanga mkononi. Serge alikuwa amelala jioni akilalamika kichwa, na mama yake alipompelekea chai akamkuta amekwisha kupoa. Mtu mzima, mwenye afya, aliyebeba betoni pamoja nami! Nilisimama palepale na ndoo yangu, maji yakinimwagikia miguuni, nikaona kama dunia imenikosea adabu.

Watu walianza kufika. Wa kanisa, wa soko, wa kule chini. Wanawake waliokuja na mikeka walisimama ukingoni wakaniangalia, maana waliona betoni ingali na unyevu. Siku nyingine ningewafukuza. Betoni changa haibebeshwi watu, hilo hata msaidizi wa siku moja anajua. Lakini wangekaa wapi? Nilichukua mikeka mikononi mwao nikaitandika mwenyewe, nikianzia karibu na ukuta ambako betoni ilikuwa nene zaidi. Walikaa mpaka pakajaa. Ilibeba.

Mchana nilikwenda kumpa Mama Feza mkono wa rambirambi. Alikuwa katikati ya wanawake, hana machozi tena. Alinishika mkono, hakuuachia.

"Papa Kalunga," alisema polepole, "uliniuliza watakuja wangapi. Haukuniuliza watakuja juu ya nani."

Baada ya matanga niliweka shape, nikaosha vyombo vyangu, nikaacha kazi. Watu husema ni magoti. Waache waseme magoti.

Sasa vijana hunijia nyumbani wakiuliza: mbao au sementi? Nawaambia yale niliyoyaandika hapa. Ukiwa na ukoo mkubwa, mihogo ya kuanika na moto wa makaa, weka sementi. Ukiwa penye mteremko na una watu wachache, mbao inatosha, ilimradi uiache ipumue. Swali la Shefu wangu siwafundishi. Lilikuwa swali zuri, na lilinipa jina katika mji huu, lakini ulimi wangu hauwezi tena kulitamka.

Nilidhani nimemaliza kabisa. Kisha Mama Feza akanituma mtu: anataka terasi ya mbao, ndogo, upande unaotazama maji. Nilikwenda na seremala mmoja. Nguzo, mafuta, solivi, mbao. Sikuuliza chochote. Tulipopigilia msumari wa mwisho na seremala akaenda zake, Mama alileta viti viwili.

"Kaa, Papa."

"Mama, niko na mavumbi."

"Kaa."

Nikakaa. Ziwa lilikuwa tulivu. Niliona mikono yangu haijui pa kwenda, nikaanza kutafuta mkeka kwa macho, nikatafuta watu wa kuwasalimia kwa sauti ya chini. Ndipo nikashtuka kuliko siku ile ya karai la mchanga. Maisha yangu yote nimejengea mji huu mahali pa kukaa, na kila nilipokaa juu ya kazi ya mikono yangu, palikuwa na maiti ndani ya nyumba.

"Mama," nikauliza, "sasa tunafanya nini?"

"Hakuna kitu," akasema Mama Feza. "Tunakaa tu."