Matete ya Upande Wetu

Likizo ya Agosti sikutulia hata siku moja. Mtama wa mama ulikuwa umeanza kujaa maziwa, na huo ndio wakati ndege humiminika shambani. Kuwafukuza ni kazi yangu, kwa sababu haihitaji kuongea na mtu. Napanda jukwaa la miti, nagonga debe. Nilifunga pia mikanda ya kaseti za zamani kutoka mti hadi mti. Upepo ukipita inavuma, ndege wanaogopa kidogo, halafu wanazoea. Mimi ndiye ambaye sikuizoea. Hata kitandani nilikuwa naisikia.

Nitasema ukweli, nilikuwa nagonga huku nawaangalia. Nawapenda. Sikumwambia mtu, maana huku kwetu karibu na Kosele, ukisema unapenda ndege wakati wa mtama ni kama umesema unapenda panya.

Chini ya shamba kuna bonde la maji lililojaa matete. Nusu ni yetu, nusu ni ya baba mdogo. Ndege wengi hulala humo. Siku moja baba mdogo alikuja akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Shemeji, haya matete tuyachome. Hii ni hosteli ya wezi."

"Lini?" mama akauliza.

"Jumamosi. Yamekauka vya kutosha."

Nilikuwa nachagua maharagwe. Mkono ulisimama wenyewe. Humo bondeni korongo wawili wenye taji walikuwa na vifaranga ambao bado hawajaweza kuruka. Niliwaona kutoka jukwaani kila asubuhi, wazazi wakitembea polepole kama wakaguzi wa shule. Nilitaka kusema. Nikaendelea na maharagwe.

Lakini kuna ndege mmoja mama anampenda. Ni yule mwekundu mwenye tumbo jeusi, anayetokea mvua ndefu ikianza. Mama akimwona juu ya tete amejivimbisha, anasema palizi imefika, na anamsalimia. Mvua ikiisha hamwoni tena. Watu wote hapa husema amevuka kwenda Tanzania. Hajaenda popote. Mwaka huu nilimfuatilia kwa macho: anaanza kupoteza wekundu, anakuwa wa kahawia mwenye michirizi, anajiunga na lile kundi tunalolifukuza kwa debe. Nikafikiri, mama akijua hilo atayahurumia matete.

Ijumaa ndege mmoja wa aina hiyo alinaswa mguu kwenye mkanda. Kahawia mwili mzima, ila shingoni mabaka mekundu yalikuwa bado. Nilimpeleka kwa mama nikiwa nimemfumbata.

"Mama, angalia shingo."

Alifuta mikono kwenye leso, akapuliza manyoya yale.

"Si huyu ndiye wa palizi?"

"Ndiye. Hahami. Anabadilisha nguo tu."

Nilingoja alainike. Badala yake aliniangalia kama mtu aliyeibiwa.

"Kumbe hata huyu ni mwizi. Na vile mimi humsalimia."

Akacheka mpaka akakaa chini. Nilimwachilia ndege, nikaenda nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimeharibu kabisa.

Jumamosi baba mdogo alishuka bondeni na kiberiti, mama nyuma yake. Nikawafuata. Sikuwa nimepanga maneno.

"Kuna watoto ndani," nikasema.

"Watoto wa nani?"

"Wa korongo."

Baba mdogo alimgeukia mama. "Leo huyu ameongea. Mpe soda."

Niliendelea. Nilisema hawawezi kuruka, wataungua. Nikasema korongo sijawahi kuwaona kwenye masuke, nawaona wakiokota panzi. Na wale ndege wadogo wanaokula mtama wakichomewa hapa watahamia tu kwenye ua wetu, karibu zaidi na mtama.

"Ugali tutasonga na hayo maneno?" akauliza baba mdogo.

Mama aliangalia matete, akamjibu:

"Wewe choma upande wako. Wangu uache." Kisha akanigeukia. "Na wewe, nyathina, mwanangu, utalinda mpaka tuvune. Mtama ukipungua, haya nitayachoma mwenyewe."

Walifyeka njia katikati ili moto usivuke, kisha baba mdogo akawasha. Moshi ulipozidi, korongo wakatoka upande wake wakitembea kwa haraka, vifaranga katikati yao, wakaingia kwetu. Nililia, na nilishukuru kwamba moshi ulikuwa mwingi.

Baada ya hapo nililinda kuanzia alfajiri. Nilikula chakula cha mchana jukwaani. Lakini shule ilifunguliwa kabla mtama haujakauka, na siku ya kuondoka nilimwachia mama debe. Goti lake ni bovu, kupanda jukwaa hawezi. Alisema atagonga akiwa chini, niache kumsumbua.

Sasa niko bweni hapa Rongo na simu haturuhusiwi. Darasani nikisikia ndege kwenye paa, kalamu inaanza kugonga dawati yenyewe, mpaka jirani yangu ananipiga kiwiko. Jioni wenzangu wanaombea mtihani. Mimi naombea mtama wa mama ukauke haraka, kisha naombea vifaranga waote manyoya haraka kuliko mtama, wawe wameruka kabla mama hajapima mavuno, na sijui kama mtu anaruhusiwa kuomba yote mawili.