Gari la Kushika Mteremko

Kaka yangu Theuri alikuwa mtu wa viatu. Ukikutana naye, aliangalia kwanza umevaa nini miguuni, ndipo aitikie salamu. Alipima vitambaa katika duka moja mjini Nyeri. Wazungu walipoanza kuhama baada ya uhuru, alipata gari la mmoja wao, refu, rangi ya maziwa. Tangu siku hiyo hata kanisani, hatua mia mbili, alikwenda kwa gari.

Mke wangu Wachuka aliwapikia Wazungu wa shamba moja upande wa Kiganjo miaka tisa. Walipoondoka walimwachia karavani, nyumba ya magurudumu waliyolala wakienda kuvua samaki. Haina injini, lazima ivutwe. Ndani kulikuwa na jiko, meza, na dirisha la kufungukia nje. Wachuka alilitazama dirisha hilo akaona watu wa soko la Kagio wamejipanga wakingoja chai. Hakutaka kitu kingine. Mwenye shamba mpya alimwambia aiondoe kabla ya Jumamosi, au atafugia kuku humo.

Ikabaki kuchagua gari la kuivuta.

Wachuka alimtaka Dawud wa Majengo, mwuza ngozi. Landrova yake ilikuwa kuukuu na ilinuka. Theuri alicheka mpaka akafuta macho.

"Ati Landrova ya ngozi? Shemeji, watu watafikiri umebeba mizoga. Gari yangu iko na nguvu. Kupanda Karatina hutasikia kitu."

"Kupanda sijauliza," Wachuka alisema. "Nauliza kushuka kwenda Sagana. Baba alikuwa na mkokoteni. Kwa mteremko alifunga punda mzee, mzito, yule wa kukataa. Yule mwepesi anasukumwa na mzigo wake."

"Sasa gari yangu ni punda?"

"Punda ana akili."

Dawud alisema tu, "Mama, nitaweka mawe huku nyuma, twende polepole."

Wa kuamua nilikuwa mimi. Nilimchagua Theuri. Sikutaka mke wangu aingie Kagio nyuma ya gari la ngozi. Sababu ni hiyo tu. Mimi pia nilikuwa mtu wa viatu, ila sikuwa navyo.

Mpaka Karatina Theuri alipiga honi akipungia watu mkono. Tulipoanza kushuka, karavani ikatikisa mkia, kushoto, kulia. Theuri akakanyaga breki, ikazidi. Ilitusukuma kama ng'ombe anavyosukuma mlango. Wachuka, nyuma yangu, alishika kiti changu kwa mikono miwili. Tulisimama ndani ya mahindi ya watu, karavani imelala ubavu, dirisha limevunjika.

Hakuna aliyeumia. Theuri alishuka akaenda moja kwa moja kuangalia rangi. Akaona mkwaruzo. Akafungua chuma kilichounganisha gari na karavani, akafuta mikono kwa leso.

"Mzigo wenu ni mbaya," alisema. Akatuacha pale.

Kesho yake Dawud alikuja na kamba, akaisimamisha karavani. Lakini chuma cha magurudumu kilikuwa kimepinda, haikuweza kwenda tena. Mwenye mahindi, mama mmoja mjane, alituruhusu iachwe kando ya barabara.

Hapo ndipo Wachuka alipouza chai miaka kumi na minane, dirisha limezibwa kwa bati. Kwetu ni chini, karibu na Sagana. Kila asubuhi alipanda kilima kwa miguu. Theuri alisimama hapo na wageni wake siku za Jumapili.

"Hii hoteli niliileta mimi," aliwaambia.

Wachuka alimwekea sukari. Mimi nisingemwekea.

Mwaka huu Wachuka amefariki, hospitali ya Nyeri. Theuri alifika na gari lingine, refu kuliko lile.

"Shemeji atabebwa na hii," alisema. "Ile ya Dawud itatuaibisha mbele ya watu."

"Ni mteremko," nilimwambia.

"Hii ni mpya, Wamae."

Dawud alikuwa ameosha Landrova yake mara mbili. Ilinuka bado, kidogo. Tulimweka Wachuka ndani, nikaketi kando ya sanduku.

Tulipita karavani, tukashuka polepole. Theuri alikuwa nyuma yetu, anapiga honi tumpishe. Dawud hakuongeza mwendo.