Daftari Langu la Wavuta Bangi

Nilimpima kaka yangu kwa penseli, nikakosea. Ujinga huo bado hunijia asubuhi za ukungu, nikiwa kitandani, mahali ninapopapenda kuliko pote duniani, nausikiliza mfereji ukinong'ona nyuma ya migomba.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa nimerudi kwetu Suji, milimani, kutoka sekondari, nina suruali ndefu mbili na maoni juu ya kila kitu. Kazi yangu ilikuwa kuwasomea watu barua na kuwaandikia majibu, kazi njema kwa mtu asiyependa kuvuka ua wa kwao. Chini kule, Same ilicheza katika joto kama kitu kilichochorwa juu ya maji, na gari moshi likipita tuliliona dogo kama jongoo. Huku juu ukungu ulishuka kutoka msituni Shengena ukaingia hadi jikoni bila kupiga hodi.

Ndani ya ukungu huo kulikuwa na moshi mwingine. Serikali ilikuwa imeikataza bangi, kwa hiyo watu waliivuta kwa adabu, nyuma ya nyumba. Kaka yangu alivuta. Jirani yetu, mhunzi, naye alivuta. Siku moja mke wa kaka, shemeji yangu, alikuja akakaa karibu na mama, akasema kwa sauti ya chini kwamba anataka kujua jambo moja tu: mumewe anajiburudisha, au ameshachukuliwa? Zamu yao ya maji ilikuwa inakaribia na maharage yake yalikuwa yanatoa maua. Kama mumewe si wa kutegemewa, angemwita ndugu yake kutoka kijiji cha Mamba aje asimamie.

Kwetu maji yana zamu. Usiku kijito huijaza ndiva, bwawa letu la mawe na udongo, na alfajiri mwenye zamu hulizibua, akayafuata maji mferejini mpaka shambani kwake, jembe mkononi, akifungua hapa na kuziba pale. Asipozibua, anayefuata atazibua. Maji hayamwamshi mtu.

Mama akanigeukia. "Wewe si umesoma? Mwambie mwenzio."

Mtu mwenye akili angesema hajui. Mimi nilikwenda kuleta daftari. Kwa wiki mbili nilikaa barazani, nikachora mstari kila nilipouona moshi wa mmoja wao. Hakuna utafiti uliowahi kunifaa kama ule. Ulifanywa kwa kukaa. Mhunzi, kila jioni akishazima moto wa kazi yake, aliketi juu ya gogo akawasha kiko kimoja, na moshi wake ulipanda taratibu ukapotea kwenye ukungu kana kwamba unarudi nyumbani. Mistari kumi na minne, imesimama kama uzio. Kaka yangu alipata minne tu.

Nikamwambia shemeji, kwa Kiswahili changu cha darasani, kwamba aliyezama ni mhunzi, na mumewe anachezea ukingoni tu. Ndugu wa Mamba hakuitwa.

Yapo mengine niliyoyaona, ila sikuyachorea mstari. Siku nyingine, nisipouona moshi wake, kaka alizunguka uani akigombana na kuku. Alianza kuezeka banda la mbuzi akaliacha nusu, mbuzi wakawa wanaangalia nyota. Hayo niliyahesabu kuwa tabia ya ukoo. Mimi mwenyewe niliahirisha mambo, na sikuwa nimevuta kitu.

Alfajiri ya zamu niliamshwa na sauti ya maji. Ilikuwa nzuri, ya mbali, nikaelea juu yake kidogo kabla sijagundua kwamba inaelekea kusiko. Nikatoka, kwa uchungu. Kaka nilimkuta ukingoni mwa ndiva, miguu inaning'inia, anatazama mawingu yaliyojaa bondeni hata Same imefunikwa yote. Ndiva ilikuwa karibu tupu. Mwenye zamu ya pili alikuwa amemwita, akamngoja, akamwita tena, kisha akazibua akayapeleka maji kwake.

Kaka alinitabasamia kwa upole. "Nilikuwa ndiyo nainuka," akasema.

Nikamuuliza jembe liko wapi. Akaniambia amelipeleka stesheni Same, akabadilishana na mtu kwa fungu la majani. Akaongeza, bila kuniangalia, kwamba asipoipata bangi, chakula hakipiti kooni na mikono haitulii, na kwamba ile minne niliyoiona ni siku alizovutia nyumbani.

Nilikwenda kwa mhunzi, maana sikuweza kurudi nyumbani. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba bila kuacha kuvukuta mivukuto iliyochochea moto wake. Nikamweleza yote, hata daftari. Alitaka kujua yeye alipata mistari mingapi. Nilipomtajia alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia kwamba mvua zilizopita kifua kilimbana, akakichomeka kiko darini miezi miwili, na aliyekikumbuka ni buibui. Majembe yalitoka kama kawaida, wanawe walikula kama kawaida. Jembe la kaka alilifua yeye mwenyewe, na alishajua kwamba halipo tena. Hakusema kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Watu walikuwa wameniuliza mimi.

Ukungu ulikuwa unaanza kupasuka. Kupitia mlango wa banda lake nililiona shamba la shemeji, kijani kilichoinamisha kichwa, na yeye mwenyewe anapanda kutoka kijitoni, mtungi kichwani, anamwagilia shina moja moja. Ndugu yake angeitwa siku hiyo angewahi zamu ijayo, na huenda maua ya upande wa chini wa shamba yangepona. Lakini kwanza lazima mtu amwambie kwamba nilimdanganya. Nikasema labda niende nyumbani, nitulie, nimwandikie barua nzuri ya kumweleza.

Mhunzi akaliweka koleo chini.

"Bwana msomi, shemeji yako yuko hatua ishirini na hajui kusoma. Nenda kamwambie mumewe anaumwa, halafu umpokee huo mtungi."