Mwamuzi wa Daraja la Pili

Siku niliyokutana naye nilikuwa nimekaa nyuma ya meza ya plastiki kwenye uwanja wa shule pale Mkata, nikitoa alama nisizojua maana yake. Mimi ni mwalimu wa michezo wa shule ya msingi. Mwaka ule wilaya iliamua kuingiza jimnastiki kwenye mashindano ya shule, wakauliza nani anaijua. Chuoni niliwahi kuisoma kwa wiki mbili, basi ikawa mimi. Tulishona magunia, tukayajaza maranda ya fundi seremala, tukayapanga yakawa mkeka. Wasichana watano walishindania nafasi moja ya kwenda mkoani.

Nafasi ya kwanza nilimpa msichana mmoja mwepesi, mwenye tabasamu, aliyemaliza kwa kuwapungia watu mkono. Nafasi ya tatu nilimpa binti wa familia ya wafugaji wa huko mbugani, ambaye hakutabasamu hata mara moja. Alifanya zoezi lake, akainamisha kichwa, akaenda kukaa na wenzake. Matokeo yakasomwa kwa kipaza sauti, watu wakapiga makofi.

Nilikuwa nakusanya karatasi zangu aliponijia mama mmoja wa makamo, kavaa kitenge na miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alikuwa amekuja kumtazama mpwa wake akicheza netiboli. Mkononi alishika daftari la shule la kurasa chache.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwalimu. Naomba nikuulize, na usinione nakuvunjia heshima. Yule wa kwanza ulimkata kiasi gani alipotua?"

"Kumkata vipi?"

Akafungua daftari. Niliona mistari ya alama ndogondogo, vijiti, vipinde na ndoano, imeandikwa kwa penseli. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye ni mwamuzi wa kimataifa wa jimnastiki, na kwamba yule niliyemweka wa tatu ndiye aliyeshinda, tena kwa mbali.

Ningeweza kumshukuru na kwenda zangu. Sijui ni nini kilichonifanya nimpeleke kwa ofisa michezo. Ofisa alikuwa amechoka na jua, akalichukua daftari, akaligeuza juu chini.

"Hawa ni wadudu au nini?"

"Ni mazoezi ya wale watoto," mama akajibu. "Kila kitendo kina alama yake. Ukiruhusu nitakusomea."

Akasoma. Wasichana wote watano, mmoja baada ya mwingine, kama vile alikuwa anawatazama upya. Alipofika kwa yule binti wa wafugaji alisema, "Amesimama kwa mikono, akashuka kwa kuviringika, magoti yamenyooka, sikukata kitu. Amejigeuza kama gurudumu mara mbili, ya pili mguu wa kushoto umepinda kidogo, nimekata sehemu moja ya kumi. Ameruka kinyumenyume, ametua, hatua moja ndogo, sehemu moja ya kumi tena." Kisha akafungua ukurasa wa yule wa kwanza. "Huyu naye ameruka kinyumenyume. Lakini alipotua ameweka mkono chini asianguke. Hiyo inahesabiwa ni kuanguka. Inakatwa alama nzima."

Ofisa akamwita mwalimu wa yule msichana. Alikuwa kijana mkimya. Akasikiliza, akatazama chini.

"Ni kweli aliweka mkono," akasema. "Nilidhani hamkuona."

Matokeo yalisomwa upya. Niliomba niyasome mwenyewe, maana kosa lilikuwa langu. Yule msichana wa kwanza alilia mbele yangu. Nilimwomba radhi, sina hakika kama alinisikia. Binti wa wafugaji alisimama pale alipokuwa, akawa anamtazama yule mama na daftari lake, macho hayabanduki. Mimi pia nilikuwa nikimtazama mama huyo hivyohivyo. Nilikuwa nimekaa mbele kuliko yeye, na meza, na kivuli, na sikuona kitu.

Yule mwamuzi alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam kumuuguza mama yake, anayeishi Korogwe mjini. Baba yake alikuwa mkata mkonge kule Mazinde, mtu wa kuja. Yeye alizaliwa hukohuko, kwenye kambi ya wakata mkonge. Aliponiambia nikitaka kujifunza nimfuate, nilianza kupanda basi pale Mkata kila Jumamosi asubuhi kwenda Korogwe. Tulikaa uani, mama yake akiwa kwenye kiti cha kamba karibu yetu, na tukawatazama wasichana wa mataifa mengine kwenye kompyuta yake ndogo.

Huko ndiko nilikoelewa yeye ni nani hasa. Nilidhani mwamuzi ni mtu aliyechaguliwa kwa sababu anaheshimika. Akaniambia kwamba alianza na mafunzo ya waamuzi wa taifa, akafanya kazi hiyo miaka kadhaa, ndipo akaruhusiwa kufanya mtihani wa kimataifa. Huko madaraja ni manne. La nne ni la chini, ndilo anakoanzia mtu. La kwanza wako wachache tu duniani. Kupanda, lazima uwe umekaa kwenye meza za mashindano ya nje na upate alama za juu mtihani unaofuata, na hupandi ila ngazi moja. Yeye alikuwa amefika la pili.

"Kwa hiyo umeshamaliza," nikamwambia.

Akacheka. "Hakuna kumaliza, mwalimu. Kila baada ya miaka minne, Olimpiki ikipita, kitabu cha kanuni kinaandikwa upya na sote tunarudi kwenye mtihani. Hata wa daraja la kwanza. Ukipata kidogo unashuka. Ukishindwa, jina linatoka kwenye orodha."

Mtihani wenyewe ulinishangaza zaidi. Kuna wa nadharia, halafu unaonyeshwa wachezaji kwenye video, zoezi baada ya zoezi, hakuna kurudisha nyuma. Kwanza unahesabu ugumu wa walichofanya. Kisha unaanza na kumi kamili na kukata makosa. Alama zako zinalinganishwa na za jopo la wataalamu, na unapimwa kwa jinsi ulivyowakaribia. Hata baada ya mashindano makubwa, video hutazamwa tena, na mwamuzi anayependelea watu wa kwao hujulikana. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba anayetoa alama naye anapewa alama.

Nilimwomba anionyeshe anavyoandika. Aliweka daftari pajani, akawasha video, na kwa dakika moja na nusu macho yake hayakutoka kwenye kioo. Mkono uliandika wenyewe. Zoezi lilipokwisha, mstari ulikuwa umenyooka kama umepigwa rula. Nilijaribu mimi. Nilipoinamisha macho kuchora alama ya kwanza, msichana alikuwa amesharuka mara mbili.

"Usitazame mkono," akasema. "Mkono hauendi popote."

Mwaka wa mtihani ulipofika, nilimkuta akisoma kama mwanafunzi wa kidato cha nne, mwanamke wa miaka hamsini na saba, kanuni zimebandikwa ukutani mpaka juu ya jiko la mkaa. Alifanya mtihani kwa mtandao, chumbani kwake, kamera ikimwangalia. Siku hiyo mimi nilikaa uani na mama yake, nikamlisha uji, nikawafukuza kuku wasipige kelele dirishani. Mchana alitoka, akanawa uso, akakaa chini kwenye mkeka.

"Umeonaje?" nikamuuliza.

"Kwenye farasi, ile meza ya kurukia, nimechelewa. Wale watoto wanaruka haraka siku hizi. Macho yangu yanafika wakiwa wameshatua."

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Alikuwa ameshuka hadi daraja la tatu. Nilitafuta maneno ya kumpoza. Nilisema labda jopo lilikosea, labda mtandao ulikatika.

"Mtandao haukukatika," akasema. "Kwa mmoja nilitoa alama nane na nusu, jopo lilitoa nane na sehemu moja ya kumi. Wamenipa kilicho changu." Akamgeukia mama yake, akamweleza kwa Kishambaa, na bibi akamshika mkono akauweka shavuni. Ndipo machozi yakamtoka, machache, akayafuta kwa kitenge. Jumamosi iliyofuata nilimkuta na penseli imechongwa, anatazama video za farasi kwa mwendo wa kawaida, mara ishirini, mara thelathini.

Mimi nami nilifanya mtihani wa waamuzi wa taifa, mara ya kwanza nikashindwa. Mara ya pili nikapita. Mwaka huu nimekaa kwa mara ya kwanza kwenye jopo la kweli, waamuzi wanne, kila mmoja na karatasi yake, bila kuongea. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, mbili zinazobaki hujumlishwa na kugawanywa kwa mbili. Kwa msichana wa kwanza nilitoa saba na nusu. Wenzangu walikuwa juu ya nane. Yangu ikatupwa.

Nilihisi watu wote ukumbini wananitazama, ingawa hakuna aliyejua. Kiongozi wa jopo, mama mwingine mwenye miwani, aliniangalia mara moja tu, bila ukali, akainua bendera ya kijani kumruhusu anayefuata. Msichana wa pili alikuwa tayari amesimama pembeni mwa mkeka, ameinua mkono kulisalimu jopo, anangoja. Nikainua macho, nikaweka penseli kwenye karatasi.