Roli Bila Tone la Mafuta

Mimi ni mtu wa wivu, na niseme mapema kabla hujaanza kunionea huruma. Wivu wangu si wa mke. Mke wangu nimemwachia Mungu na akili zake mwenyewe. Wivu wangu ni wa jikoni, na wa binti yangu.

Kazi yangu ni upishi wa mlimani. Huu ni mwaka wa kumi na sita napanda Kilimanjaro na wageni, napika ndani ya hema kwa gesi, vidole vimekufa ganzi, mchele unagoma kuiva. Mtu akipika huko juu akaeleweka, huku chini hakuna wa kumfundisha. Ndivyo nilivyojiona, na ndivyo wapagazi wetu walivyoniambia kila siku, ingawa najua walikuwa wanatafuta nyongeza ya ugali.

Kitu kilichonipa jina ni roli. Unatengeneza manda kama ya sambusa. Ndani unatia kabichi, karoti, kitunguu, tangawizi na nyama ya kusaga kidogo. Unakunja kama bahasha, unaviringisha, unafunga kwa gundi ya unga na maji, unakaanga. Mgeni mmoja, mama mtu mzima, aliziita roli za mayai, na mimi yai sikuwa nimetia hata moja. Niliona aibu, isije ikaonekana nimewapunja. Tangu siku ile navuruga mayai mawili matatu humo ndani. Mama yangu mzazi aliposikia mwanawe anakaanga roli, aliuliza ni roli la nani limeungua barabarani.

Nyumbani kwetu ni Rombo, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Mkuu. Kila niliposhuka mlimani, kabla sijavua viatu, binti yangu, mzaliwa wa kwanza, alikuwa ameshaleta kabichi na kisu. Alikaa kwenye kigoda karibu na karai. Roli ikitoka, aliing'ata ingali moto, inasema kwachu, anafunga macho. "Imelia, baba," anasema. Kwake roli isiyolia haikuwa roli. Mke wangu alikula kwa adabu, wadogo walikula kwa sababu ni chakula, lakini yule alikula kwa ajili yangu. Niliwahi kushuka kutoka kambi ya Horombo mbiombio, goti limevimba, kwa sababu hiyo tu.

Basi akaja shemeji.

Ni mdogo wake mke wangu. Alikaa Dar miaka mingi, kisha akahamia Moshi, akapanga chumba Majengo na kufungua kibanda cha kutengeneza simu. Kila Jumapili yuko kwangu. Ana viatu vyeupe ambavyo havishiki tope, sijui anatembeaje. Watoto hawamwiti mjomba, wanamwita anko. Anajua miziki yao na michezo yao ya kwenye simu. Mimi ananiita "mangi", utadhani nauza sukari na viberiti. Nilimvumilia. Shemeji ni shemeji, utafanyaje.

Jumamosi moja nilishuka mlimani nikiwa na kabichi niliyonunua mwenyewe njiani Marangu, kubwa, imekaza vizuri. Nikafika, hakuna aliyekuja kuipokea. Binti yangu akanisalimu shikamoo akiwa jikoni, mgongo kwangu.

"Pumzika, baba, umechoka. Leo napika mimi."

Juu ya meza kulikuwa na dude jeusi limevimba kama helmeti ya bodaboda, linavuma. Eya fraya, akaniambia. Inakaanga kwa upepo wa moto, haihitaji karai la mafuta. Anko kaileta. Akavuta droo, akanipakulia chipsi. Nikala. Zilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Heri zingekuwa mbichi.

"Roli bado zinanishinda," akasema. "Lakini nitaweza tu kabla ya kipaimara. Siku ile roli napika mwenyewe, na mashine ya anko."

Kwetu kipaimara si jambo dogo. Askofu anakuja, mbuzi anachinjwa, turubai linafungwa uani, pombe yetu ya mbege inapikwa, mashangazi wanashuka kutoka kila kona. Sherehe ya mtoto huyu niliipanga kichwani tangu ana meno mawili. Mimi ndiye nitakaa nyuma ya karai, mimi ndiye nitawakaangia ukoo mzima roli, na yeye atapita na sinia akisema baba kapika. Ndicho nilichokuwa nakitaka, na sikuwahi kumwambia mtu, nikidhani kila mtu anajua. Sasa naambiwa mashine ya anko. Hata kusema mashine yetu hakusema!

Roho iliniuma, jamani. Nilikaa pale natafuna chipsi za mwanaume mwingine.

"Umenuna nini?" mke wangu akaniuliza.

"Nani kanuna?"

"Mdomo umefika Tarakea, unasema nani kanuna?"

Kabichi yangu niliiweka juu ya kabati, ikakaa pale mpaka ikanyauka.

Wiki ya kipaimara yenyewe nilikuwa na safari, wageni wanane, tumeanzia upande wa Rongai. Kurudi ilikuwa Jumamosi, misa Jumapili. Siku ya tatu mchana tuko kambini chini ya Mawenzi, nimeinama namenya karoti, simu ikaita. Huko mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka. Nikatoka nje ya hema, nikasimama juu ya jiwe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kuna nini? Mama yenu mzima?"

"Wote wazima. Baba, roli zinakataa. Zinatoka nyeupe, zimekauka tu, hazilii. Anko naye hajui, anasema nijaribujaribu. Nikamwambia ngoja nimpigie baba. Nilikuwa nafikiria nizipake mafuta kidogo kabla ya kuziingiza."

Mtu mwenye akili timamu angeshiba kwa maneno hayo. Mtoto kaacha mashine, kaacha anko, kanitafuta mimi juu ya mlima. Lakini mwenye wivu hasikii sentensi, anasikia neno moja. Mimi nilisikia anko.

Na jibu nilikuwa nalo. Mpishi yeyote analo. Manda mbichi ukiipiga upepo mkavu bila mafuta inageuka gamba. Inataka mafuta kidogo tu, kwa brashi, kila upande, ndipo inaiva rangi ya dhahabu na kulia. Binti yangu alikuwa ameshalifikia jibu kwa akili yake mwenyewe. Kilichobaki kwangu kilikuwa kusema ndiyo.

"Mafuta usiguse," nikasema. "Ile mashine ni ya upepo, ukiitia mafuta unaiua. Ongeza dakika tu."

"Hata kidogo, baba?"

"Hata tone."

"Sawa, baba. Aika."

Aika ndiyo asante yetu. Mtandao ukakatika. Nikarudi kwenye karoti zangu, na sikujuta hata kidogo. Nilipiga mluzi. Niliiona Jumapili kama naitazama: sinia zinarudi zimejaa, wageni wananung'unika, shemeji na viatu vyake hajui pa kujificha, kisha mtu anasema jamani, baba mwenye nyumba si mpishi? Ndipo nami nasimama. Nilikuwa natia mchanga kwenye kitumbua cha mtoto wangu mwenyewe, tena cha kipaimara, na naona raha.

Jumamosi jioni nilifika nyumbani. Binti yangu alikuwa ameshakunja roli zote, sinia tatu, amezifunika kwa kitambaa chenye unyevu ili zisikauke. Nikafunua. Zilikuwa zimelingana, ncha zimeingizwa ndani vizuri kuliko ninavyofanya mimi nikiwa na haraka. Hapo kitu kilinichoma. Nikafungua mdomo nimwambie, mwanangu, nilikosea, hizi zipake mafuta. Mara shemeji akaingia na eya fraya ya pili, kaiazima kwa rafiki yake wa Pasua ili kazi iende haraka. Watoto wakamshangilia. Mdomo nikaufunga.

Kanisani binti yangu alikaa mstari wa mbele na gauni jeupe. Askofu akatumbukiza kidole kwenye krisma, akampaka kwenye paji la uso. Kwa mbali niliona linang'aa. Mafuta. Nikakohoa, mke wangu akanipa maji.

Uani, kabla ya chakula kikubwa, MC akatangaza kwamba roli zinakuja, kazipika mwenye sherehe mwenyewe, makofi tafadhali. Sinia zikapita. Nilikuwa nimekaa na wazee, nyuma ya nyumba nimeshatega karai na dumu la mafuta, kuni zimepangwa, kiberiti mfukoni. Roli zilikuwa nyeupe, ngumu, zina vumbi la unga juu. Watu waliuma kwa heshima. Kulikuwa na kutafuna kwingi na maneno machache. Shangazi yangu, mzee wa meno manne ambaye hajawahi kunong'ona maishani, akainua yake juu.

"Mbe, hiki kitu kinaliwa au kinanyonywa?"

Meza nzima ikacheka. Nami nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi kwa muda wa kumaliza bilauri ya mbege. Kisha nikaona nusu za roli zinarudi jikoni kwenye sinia, zimeng'atwa na kuachwa, na nikasimama kwenda kuokoa jahazi.

Mlango wa jikoni ulikuwa umerudishwa tu. Nikasikia sauti ya shemeji.

"Angalia mwenyewe, kitabu cha mashine hiki hapa, nimekipata chini ya boksi. Wamechora mpaka brashi. Paka mafuta kidogo, mama, hizi zilizobaki zitatoka vizuri."

"Baba amesema hata tone."

"Baba yako mashine hii haijui."

"Baba hajui kupika?" Sauti ilikuwa imejaa kilio. "Baba anapika mlimani miaka yote hiyo, wewe umepika wapi, anko? Wewe si unatengeneza simu! Shida si mafuta. Mimi ndiye sijui kukunja. Baba angekunja yeye zingelia."

Kisha nikasikia droo inavutwa, roli zinapangwa, droo inasukumwa. Kavu.

Nilisukuma mlango. Alikuwa amevaa aproni ya mama yake juu ya gauni jeupe, anajifuta macho kwa kiwiko kwa sababu mikono ina unga. Shemeji ameshika brashi mkono mmoja na kibakuli cha mafuta mkono mwingine. Usoni hakuwa na dharau hata kidogo. Heri angekuwa nayo.

"Mangi, afadhali umekuja," akasema. "Hebu mwambie mtoto."

"Mwambie, baba," naye akasema.

Wote wawili walinitazama, kila mmoja ana hakika nitasema la kwake.

"Paka mafuta," nikasema.

"Lakini ulisema mashine itakufa."

"Nilikudanganya."

Shemeji akashusha kibakuli mezani taratibu. Mashine zote mbili zilikuwa zinavuma.

"Ulikuwa hujui, baba?" Alikuwa ananipa pa kutokea, mtoto yule. Ningesema ndiyo, nilikuwa sijui, mambo yangeisha pale.

"Nilikuwa najua. Nilitaka zishindwe. Nilitaka uniite mimi."

"Si nilikuita?" akasema. "Si nilikupigia wewe?"

Alikivuta kibakuli, akachukua brashi mkononi mwa anko wake, akazitoa roli zilizokuwa ndani na kuanza kuzipaka moja moja, upande huu na upande huu. Hakulia tena. Nilijaribu kushika sinia nimsaidie, akasema, "Acha tu, baba," kwa heshima kabisa.

Zilizobaki zilitoka rangi ya dhahabu. Kelele za kutafuna zilisikika mpaka barazani. Shangazi alikula nne na kuomba za kubeba. Karai langu halikuwashwa. Nje hakuna aliyejua kilichotokea, kwa sababu shemeji hakumwambia mtu, hata dada yake. Hajanitajia mpaka leo, anakuja kila Jumapili, ananiita mangi, anacheka vilevile. Hata hilo namwonea wivu, maana mimi nisingeweza kunyamaza.

Bado napanda mlima. Binti yangu bado ananipigia, ananiamkia, ananiuliza kama kuna baridi. Juzi nilikuwa kambini, akaniambia anataka kujaribu kupika maandazi kwenye ile mashine, lakini unga wake unakuwa mgumu. Nikamweleza polepole, kila kitu, bila kuficha: maziwa ya vuguvugu kiasi gani, aukande muda gani, aupumzishe wapi.

"Sawa, baba," akasema. "Aika."

Hakukata simu vizuri. Nikamsikia akimwambia mama yake, sauti ya kawaida kabisa, haina hasira: "Ameshaniambia. Ngoja nimuulize na anko kwanza."