Miche Iliyosindikizwa Hadi Bugarama

Siku yangu ya kwanza kazini, kabla sijaonyeshwa hata kiti cha kukalia, Shefu wa Seksheni alinipeleka nyuma ya ofisi yetu ya miche pale Rohero, mjini Bujumbura, akanyoshea kidole mche mmoja wa grevilia uliokuwa umependeza kuliko wenzake wote, akaniambia, "Ng'oa ule."

Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimetoka shule ya kilimo juzijuzi, nimevaa viatu vipya na mtandio nilioazima kwa dada yangu, na kwetu mtaani Buyenzi mtu hakaribishwi kwenye shamba la wenyewe akaanza kwa kuharibu. Nikamwambia, "Shefu, ule njo muzuri kuliko yote."

"Njo maana. Mubaya kila mutu anauona. Ng'oa."

Niling'oa. Akauchana mfuko wake kwa kisu kidogo. Mifuko hiyo myeusi ya plastiki tunaiita viriba. Mche hukulia humo mpaka siku ya kupandwa shambani. Ndani ya udongo, mzizi mkuu ulikuwa umejikunja kama ndoana. Shefu akanieleza kwamba aliyeuhamisha mche huo kutoka kwenye tuta la mbegu alikuwa na haraka zake, akausukumiza kwenye kitundu kifupi. Mti wa namna hiyo hupendeza miaka miwili mitatu, halafu upepo ukija kwa hasira unaulaza chini, na mwenye shamba anasema amerogwa.

"Kazi yako ni iyi," alisema. "Utatembelea vitalu. Utasalimia batu, utakunywa kile watakupa, kisha utang'oa muche moja, ule muzuri. Ukiona muzizi, umeona kitalu chote."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kutembelea vitalu vya miche, na sikuiacha mpaka nilipostaafu. Ninyi vijana mnaoletewa picha za miche kwenye simu mnisamehe, lakini picha haionyeshi mzizi. Ilibidi twende. Na kwenda kwenyewe ndiko kulikokuwa na raha.

Dereva wangu alikuwa Bwana Masudi, fundi wa magari wa Buyenzi, jirani yetu, mtu wa maneno mengi na breki chache. Gari letu lilikuwa pikapu ambayo mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba, na kamba ile ndiyo iliyokuwa kitu kipya kuliko vyote ndani yake. Mwanzoni tulipangiwa vitalu vya bondeni, kwenye michikichi. Mbegu ya mchikichi ni ngumu na mvivu. Huota pale inapojisikia. Watu wa kule walikuwa wameshazoea kungoja, kwa hiyo walitungoja na sisi kwa upole, hata tukichelewa kwa pancha tatu. Baadaye nikahamishiwa vitalu vya milimani, barabara ya kupanda kuelekea Bugarama, kwenye grevilia na maparachichi. Huko wanawake wa vitalu wakanipa jina: Mama Ng'oa. Nikitokea tu kwenye kona, nasikia wanaonyana, na wengine wanaisogeza miche yao mizuri nyuma ya ile mibaya. Nilikuwa naijua hila hiyo, nikaanza kung'oa ya nyuma.

Kisha vita vikaja, na barabara zikabadilika.

Sitawasimulia vita. Wengi wenu mmesimuliwa vya kutosha, na wengine mna makaburi yenu. Nitasema tu vilivyoigusa kazi yangu. Barabara ya milimani ilifunguliwa asubuhi baada ya askari kuipita, na kufungwa mchana. Magari yalikwenda kwa msafara, na msafara haukumngoja mtu. Vikwazo vya nchi jirani vilipokuja, mafuta yakawa adimu, Masudi akawa anazima injini kila mteremko huku akisoma dua kwa sauti. Nilikuwa naogopa, nakiri hivyo bila haya. Lakini mtu akiogopa kila siku huchoka kuogopa, akaanza kucheka tena, na Masudi alinichekesha sana.

Vitalu vikafungwa kimoja baada ya kingine. Kilichobaki juu huko ni kimoja tu, cha Skolastika. Skolastika alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu mlima wa pili. Aliwahi kuishi mjini akiuza mboga, ndiko alikojifunzia Kiswahili. Alikuwa anaongoza kundi la wanawake, wengi wao wajane wa vita, na kitalu kile ndicho walichokuwa wanakula. Hawakuwa na kingine.

Siku moja Shefu aliniita. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. Akasema, "Mama Zuhura, mi nataka kufunga kile kitalu cha juu."

"Kwa sababu gani, Shefu?"

"Nani anapanda muti wakati huu? Mutu hajui kesho atalala wapi, we unamupa parachichi ingojewe miaka! Miche itazeekea kwenye viriba."

Hapo alisema kweli. Mche ukikawia ndani ya kiriba, mizizi huzunguka humo mpaka inajinyonga yenyewe. Nilibishana naye hata chai yake ikapoa. Mwishowe akasema, "Bon. Nenda ulete gari moja. Tutaiweka hapa uani, batu waambiwe wachukue. Ikibaki, kitalu nafunga, na we hautanisumbua tena."

Nilimtumia Skolastika salamu kwa wauza mboga wa Bugarama: miche ikomazwe, tunakuja. Kukomaza ni kuuondoa mche kivulini kidogo kidogo, ili jua la mjini lisiue kitu kilicholelewa chini ya paa la majani. Siku ya safari tukapanda na msafara wa asubuhi. Masudi akaendesha vizuri ajabu, nikajua kuna jambo litaharibika.

Liliharibika kwenye njia ya kukunja kuelekea kitaluni. Mvua ilikuwa imekibeba kidaraja cha magogo cha mto uliokuwa pale. Upande wa pili njia ilionekana safi, inatucheka.

"Alé, turudi," Masudi akasema.

"Turudi na nini? Na hewa?"

"Mama Zuhura, mi naendesha gari. Siendeshi ndege."

Nikamwambia arudi Bugarama, angoje pale magari ya msafara wa kushuka yanapokusanyika, nami nikavua viatu, nikavuka kwa mawe, nikapanda mlima kwa miguu. Njiani nililia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Niliona kile kitalu kimekufa. Niliona nitakavyowaambia wale wanawake.

Nilipofika, miche ilikuwa imepangwa safu kwa safu, imetiwa maji jana yake jioni. Huo ndio ufundi: usimwagilie asubuhi ya kusafiri, udongo ukiwa rojo donge linavunjika na mizizi inabaki uchi. Maparachichi yalikuwa yamebebeshwa, yaani kijiti cha mti mzuri kimepachikwa juu ya shina la mti mgumu na kufungwa, ili uzae mapema. Nikasalimia, nikapewa uji, nikanywa. Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, nikaenda safu ya nyuma nikang'oa mmoja.

"Eh, mawe!" wanawake wakalalamika, wakimwita mama kwa Kirundi, kama kawaida yao.

Mzizi ulikuwa umenyooka. Nikauangalia, kisha nikawaambia habari yote: kidaraja, gari, na maneno ya Shefu.

Skolastika akajifuta mikono.

"We uko mugeni wetu?"

"Ndiyo."

"Mugeni anaenda peke yake?"

Kule milimani mgeni haachwi mlangoni. Anaherekezwa, anasindikizwa mpaka mahali panapostahili heshima yake: wengine mpaka kwenye ua, wengine mpaka njia panda. Ukimwacha mgeni aende peke yake, majirani watakusema mwaka mzima.

"Basi leo tunakuherekeza Bugarama," Skolastika akasema. "Na hatuherekezi mikono mitupu."

Nikamwambia ni mbali. Akaniambia miguu ni yao. Nikamwambia kiriba kina udongo, ni kizito. Akaniuliza kama nadhani maji ya kumwagilia walikuwa wanayapandisha kwa barua. Wakapanga miche kwenye nyungo na vikapu, wakajitwika, nami nikapewa kikapu changu, tukateremka mstari mmoja. Hatukufika hata kwenye ule mto, wakaanza kuimba nyimbo za kusindikiza bibi harusi. Nadhani waliimba ili wasiogope. Mimi niliitikia pale nilipoyajua maneno, na pasipo maneno nikapiga vigelegele vya Buyenzi, wakacheka mpaka nikahofia miche.

Tulipotokeza barabara kubwa, injini za msafara zilikuwa zinanguruma. Ajida, askari mwenye cheo aliyekuwa anauongoza, alikuwa amesimama mbele, mkono umeinuliwa tayari kuuruhusu. Masudi alikuwa pembeni yake anamwomba asubiri, analia machozi ya kweli au ya kuigiza, mpaka leo hataki kuniambia. Ajida akasikia nyimbo, akageuka, akaona mstari wa wanawake wanashuka na mizigo kichwani. Mkono ukabaki juu.

"Nani anaoa?" akauliza.

Skolastika hakupunguza mwendo. "Ni hii miti! Tunaiherekeza kwa bwana wake, Bujumbura!"

Ajida akaniangalia mimi na mtandio wangu uliojaa matope, akaangalia kile kikapu changu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kofia. Kisha akateremsha mkono pole pole, bila kutoa ishara ya kuondoka.

"Zimeni!" akawapigia kelele madereva. "Harusi apana kuachwa mu barabara. Mama zetu watasema nini?"

Magari yakazimwa. Abiria wakashuka, wafanyabiashara, masista, askari, wakajipanga wakapokezana miche mkono kwa mkono mpaka pikapu ikajaa, na iliyobaki ikaingia kwenye lori la viazi. Kila aliyeshika mche aliuliza ni wa nini, unazaa lini, unapatikana wapi. Nikawajibu wote: Rohero, uani kwetu, kesho. Ajida mwenyewe akachukua mche mmoja wa parachichi akaupakata. Kisha wanawake wakaanza kupanda mlima kurudi kwao. Niliwapungia mpaka kona ikawaficha, na roho yangu ilikuwa nyepesi na nzito kwa pamoja.

Kesho yake Shefu alifika ofisini akakuta lango haliingiliki. Msafara ulikuwa umefanya kazi yake, na Masudi alikuwa amepita kwa waziba pancha wote wa Buyenzi, jambo ambalo ni kubwa kuliko redio. Walikuja watu wa mtaa wa Cibitoke na baiskeli. Wakaja wa Mutakura, baadhi yao ndiyo kwanza wamerudi kwenye nyumba zisizo na mabati, wakataka mti kabla ya mlango. Mzee mmoja aliyebeba grevilia mbili kwapani, Shefu akamuuliza kama ana hakika atakuwepo zikikua.

"Mi sijui," mzee akasema. "Lakini kivuli kitakuwa."

Kabla ya adhuhuri ua ulikuwa mtupu, umebaki udongo na majani. Shefu akatoka, mikono nyuma, akazunguka ua wote, akarudi kwangu.

"Na mi?" akauliza kwa sauti ndogo. "Mke wangu anataka parachichi."

"Imekwisha, Shefu."

"Yote?"

"Yote."

Akakuna kichwa. "Sasa mutarudi kule siku gani?"

Nikamwomba aulize tena. Nilitaka kuyasikia maneno yale kidogo zaidi.

Nilistaafu miaka mingi baada ya hapo, nikiwa nimepitia mashefu wengine wanne, mmoja mkali, wawili wapole, na mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwona barabarani. Kama mtaniuliza kazi ile ilinifundisha nini, nitasema ilinifundisha kuwapenda watu wanaofanya kazi ambayo faida yake iko mbali. Mengine mtayajua wenyewe.

Mwaka jana nilitaka miche kwa ajili ya ua wa binti yangu. Nikapanda basi, nikashuka Bugarama, nikatembea pole pole kwa magoti haya mpaka kitaluni. Skolastika alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Nilikuta matuta yameongezeka mpaka ng'ambo ya kilima, na binti mmoja mwenye buti safi anauza, hanijui hata kidogo.

"Mama, unatafuta nini?"

"Parachichi. Yale ya kubebeshwa."

"Iko, lakini fata foleni, mama. Batu ni wengi mbele yako."

Nikaenda nikasimama nyuma yao.