Hela ya kushika tarehe imeishia kwenye kuta za Boko

Admin, jina langu baki nalo mwenyewe. Ukiandika tu mwanamke wa Temeke inatosha, maana wakwe zangu wako humu na hawapitwi na kitu. Nina miaka thelathini na nane, nina mume na watoto. Kinachoniliza si mume, ni mdogo wangu wa damu.

Mama yetu alifariki huyu mdogo wangu akiwa shule ya msingi. Nitamwita Eliza, si jina lake. Nimemlea mimi, nimemsuka, nimemsomesha kwa biashara yangu ya kukodisha viti na maturubai, ambayo baadaye niliiongezea mapambo ya sendofu na harusi. Alipomaliza chuo akaja tufanye wote, na nikiri, yule mtoto ana kichwa. Alitufungulia ukurasa mtandaoni, akapiga picha nzuri, simu zikaanza kuita mpaka kutoka Kimara. Nilijisifu naye kwa kila mtu, hadi mume wangu akaniambia sasa inatosha, tumesikia.

Kazi hii mnaijua. Kamati ya harusi inakuja miezi kabla, inatoa hela ya kushika tarehe ili siku ile usiende kwa mtu mwingine. Mimi hela hiyo nilikuwa naiweka pembeni. Niliihesabu ni ya bibi harusi mpaka siku yenyewe ifike, jukwaa lisimame, maua yapangwe, watu wale, wacheze, waende makwao. Hapo ndipo nilisema nimepata. Nikishalipa vijana na gari, kilichobaki nanunua vitambaa vipya. Tulikua polepole, lakini hakuna mteja aliyewahi kunifuata nyumbani kwa ubaya.

Eliza aliona namchelewesha. Kwake hela ikishaingia kwenye simu, hayo ni mapato ya mwezi huo. Siku moja alinionyesha kwenye kompyuta mstari unaopanda juu.

"Dada, ona tulivyokua. Benki ikiona hivi inatukopesha, tunajenga ukumbi wetu Boko."

Nikamwambia, "Eliza, lakini hizi kazi bado hatujazifanya. Hizi ni hela za watu wa Desemba."

Akacheka. "Dada bwana! Unawaza kama mama ntilie."

Iliniuma, ila nilicheka naye. Nilidhani kusoma kwake kunamwonyesha nisichokiona. Nikamwachia malipo yote, risiti zikawa zinatoka kwa jina lake. Benki ikatoa mkopo, haukutosha, na hela za kushika tarehe zikaenda kununua saruji na nondo. Harusi za Juni tukazipamba kwa hela za watu wa Septemba, na za Septemba kwa hela za watu wa Desemba. Kwa nje tulionekana tumefanikiwa kweli. Kisha wateja wapya wakapungua kidogo tu, na tukakosa hata hela ya maua.

Ilitokea kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa mama mmoja wa jumuiya yetu. Mama huyu ndiye aliyesimamia jiko kwenye msiba wa mama yetu. Muuza maua alikataa kutoa mzigo bila kulipwa, tukaingia ukumbini na vitambaa vyangu vya zamani vilivyopauka. Yule mama hakunitukana. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, si ungeniambia mapema? Ningeomba hata vya kanisani." Ndugu zangu, bora angenizaba kibao.

Mwenyekiti wa kamati akauliza hela iko wapi. Eliza, mbele ya watu wote, akasema, "Muulizeni Dada, ndiye mwenye biashara. Mie nimeajiriwa tu." Nikainama, nikaomba radhi kama mwizi. Sikumkana.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza, "Eliza, mimi ndiyo wa kunifanyia hivyo?"

"Ulitaka nisemeje? Nilale polisi na mimba hii? Na usiniangalie hivyo, wewe si mama yangu."

Niliingia chumbani nikalia mpaka watoto wakaogopa.

Sasa mpango wake ni tuendelee kupokea hela za watu wa Pasaka ili tufunike Desemba, eti ukumbi ukianza kukodishwa tutakaa sawa. Ukumbi wenyewe hauna paa. Tumejaribu kuuza kiwanja cha Boko, lakini benki imeshikilia hati. Nikiwaambia kamati za Desemba ukweli leo, watapata muda wa kutafuta mpambaji mwingine, ila watadai chao, na kila risiti ina jina la Eliza. Anakaribia kujifungua. Pamoja na yote aliyonifanyia, siwezi kulala nikimfikiria ana kichanga mahabusu.

Jana alikuja bibi harusi mmoja wa Desemba, yeye na mama yake mdogo. Yatima kama sisi, michango yake imekusanywa na wafanyakazi wenzake. Alinipa shikamoo kwa adabu, akakaa kwenye kochi langu, akanionyesha picha ya gauni lake. Akaniuliza, "Dada, nichukue rangi ya dhahabu au kijani?" Nikamwambia kijani kitakupendeza mdogo wangu. Akanikumbatia kwa furaha. Nilikuwa namchagulia rangi za mapambo ambayo najua hayapo.

Jumatano anarudi kuleta hela iliyobaki, na Eliza ameshanitumia ujumbe nisisahau kuipokea. Nisaidieni mawazo, hata wa kunisema aniseme tu. Yule binti akibisha hodi, nimwambie nini?